Dola ya Vugha na Riwaya Niitakayo

Mwaka 1962 East African Literature Bureau ilichapisha upya kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi. Aliyekiandika ni Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, mtu wa pwani aliyewahi kuwa karani wa Semboja, mtawala wa ukoo wa Wakilindi, wafalme wa Usambara, aliyekuwa na makao yake Mazinde, chini ya milima ya Usambara. Kitabu kilitoka mara ya kwanza kwa mafungu katika mitambo ya wamisionari wa Magila, kuanzia miaka ya mwisho ya karne ya 19. Mwaka mmoja baada ya toleo lile jipya, 1963, utawala wa machifu ulifutwa kisheria Tanganyika nzima, na Wakilindi wakawa raia wa kawaida kama sisi wengine. Na mwaka huohuo wa 1963, Rais Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, alitoa tafsiri ya Kiswahili ya Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare kuhusu watu wa Roma wanaomuua mkubwa wao kwa kuhofia asije akawa mfalme.

Mambo hayo matatu yamekaa kichwani mwangu miaka mingi. Nchi iliyokuwa ikiwaaga machifu wake ilipata kwa wakati mmoja kitabu cha dola yake yenyewe na mchezo wa dola ya mbali. Mchezo ule wa mbali ndio uliosomwa shuleni. Kitabu cha hapa kilibaki kwa wanahistoria, kwa wazee wachache, na kwa mtu kama mimi niliyekikuta kwa bahati.

Nilisoma Juliasi Kaizari nikiwa kidato cha tatu katika shule moja ya Lushoto. Asubuhi za Juni na Julai ukungu ulikuwa unashuka hadi kwenye madirisha, na sisi tunakariri hotuba ya Mark Antony tumejifunika masweta, pumzi zikitoka kama moshi. Niliipenda kazi ile, naipenda mpaka leo. Nyerere aliiweka katika mistari isiyo na vina kama ilivyo asili yake, akaonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mazungumzo ya mabaraza, ya njama na ya maombolezo bila kuyumba. Mwaka 1969 alirudi akaipiga msasa tena, na hapo ndipo ilipopata jina hilo tulilolizoea. Kiongozi wa nchi changa, mwenye kazi zote zile, anakaa na mistari ya Brutus: jambo hilo peke yake lilinifundisha heshima ya lugha kuliko somo lolote.

Lakini siku moja mwenzetu mmoja, kijana wa kutoka Mlalo, alimwuliza mwalimu swali ambalo darasa zima lililicheka. Aliuliza: baada ya kumuua yule mkubwa, mvua ililetwa na nani?

Mwalimu alijibu kwa upole kwamba Warumi hawakuwa na waleta mvua, tukaendelea na somo. Miaka baadaye, nikiwa chuo kikuu Dar es Salaam, ndipo nilipofahamu kwamba swali lile lilikuwa la maana kuliko yote tuliyouliza muhula ule. Katika maktaba ya Mlimani nilisoma I, Claudius, riwaya ya Robert Graves iliyotoka 1934, ambayo mfalme Claudius mwenyewe ndiye msimulizi: mtu mwenye kigugumizi na mguu mbovu, aliyedharauliwa na jamaa zake mpaka akanusurika kwa dharau hiyohiyo, akatawala kuanzia mwaka 41 hadi 54 BK. Riwaya ilinishika nikaitafuta asili yake, nikamfikia Suetonius, mwandishi wa habari za makaizari kumi na wawili. Humo nikakuta kwamba mwaka mmoja nafaka ilipopungua Roma, watu walimzingira Claudius sokoni, wakamtupia matusi na vipande vya mkate, akaponea chupuchupu kwa kuingia ikulu kupitia mlango wa nyuma. Baada ya hapo alifanya kila njia kuhakikisha meli za ngano zinafika hata majira ya baridi, na ndiye pia aliyeanza kujenga bandari mpya karibu na Ostia. Augustus kabla yake alikuwa akiwagawia nafaka bure watu wapatao 200,000 wa mji wa Roma. Kwa hiyo Warumi nao walikuwa na mvua yao. Ilikuja kwa meli kutoka Misri na Afrika ya Kaskazini, na mtawala asiyeweza kuileta alirushiwa makombo hadharani.

Kijana wa Mlalo hakuwa na haja ya kusoma hayo. Alikuwa amekulia nyumba ambamo watu hujua kazi ya mtawala ni ipi. Kwa Wasambaa wa zamani, mfalme mmoja mwenye nguvu zisizo na mshindani huiponya nchi: mvua inanyesha kwa wakati, ndizi zinazaa, watu wanalala. Wakitokea wawili wenye nguvu wakashindana, nchi inaharibika, na njaa huwa ndiyo ushahidi. Steven Feierman, aliyeandika historia ya ufalme wa Usambara mwaka 1974, alilieleza wazo hilo vizuri kuliko mtu yeyote niliyemsoma, lakini mimi nililisikia kwanza kwa shangazi yangu, akiwa hajui kwamba kuna Mmarekani amelitia kitabuni.

Suetonius alikuwa karani katika utawala wa Hadrian, na kwa kazi hiyo aliziona barua za ikulu. Abdallah bin Hemedi alikuwa karani wa Semboja. Nilipogundua hilo nilisimama kusoma, nikatoka nje ya maktaba nikazunguka kidogo. Graves aliijenga riwaya yake kwa sehemu juu ya kazi ya karani mmoja, na sisi tunaye karani wetu, ameandika kwa Kiswahili, tena Kiswahili kitamu chenye mwendo wa mazungumzo ya barazani, kuhusu nyumba ya kifalme yenye mambo mazito kama ya nyumba ya Augustus.

Tazama mwanzo wake. Mbegha anatoka Nguu, amenyimwa urithi na jamaa zake kwa sababu alikuwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Ni mwindaji wa nguruwe. Anakwenda Kilindi, anafanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa huko, kijana yule anauawa na nguruwe mawindoni, na Mbegha anakimbia tena. Anaingia Usambara akiwa na mbwa wake na mikuki yake, anagawa nyama, anaamua ugomvi wa watu, mpaka watu wa Bumbuli na kisha wa Vugha, palipokuja kuwa makao ya wafalme, wanamtaka akae kwao. Usiku mmoja njiani anaua simba, na tangu hapo mfalme wa Usambara huitwa Simba Mwene. Roma nayo inaanza na watoto waliotupwa wakaokolewa na mnyama wa porini.

Au tazama vifo. Mbegha alipofariki, wazee wachache walificha habari mpaka mwanawe Buge alipoletwa kutoka Bumbuli na kukaa kitini, ndipo watu wakaambiwa. Mwaka 54 BK Agrippina alificha kifo cha mumewe Claudius kwa saa kadhaa mpaka mambo ya mwanawe Nero yalipokuwa tayari, na inasimuliwa kwamba Livia naye alifanya hivyo kwa mumewe Augustus mwaka 14 BK mpaka Tiberius alipofika. Kiti kisionekane kitupu hata kwa asubuhi moja. Hofu hiyo ilikuwa Roma na ilikuwa Vugha, na wala hakuna aliyemfundisha mwenzake.

Linalonigusa zaidi ni habari ya Kimweri wa Nyumbai. Huyu ndiye Augustus wetu. Alitawala muda mrefu mno, kutoka milimani hadi kwenye miji ya mwambao ambako madiwani walimtambua yeye na Sultani wa Unguja kwa pamoja. Mmisionari Krapf alimtembelea Vugha mwaka 1848 na tena 1852. Wasafiri Burton na Speke walipofika mwaka 1857 walimkuta mzee, mgonjwa, akitafuta dawa. Utaratibu wake ulikuwa kuwaweka wanawe watawale wilaya mbalimbali, na utaratibu ule ulifanya kazi kwa sababu mtoto humtii baba. Lakini Kimweri aliishi kupita mrithi wake. Mrithi huyo, Mshuza, alitangulia kufa, na Kimweri alipofariki mwaka 1862 kiti kikaenda kwa mjukuu, Shekulwavu mwana wa Mshuza. Kijana akajikuta anatakiwa kuwaamuru baba zake wadogo na wakubwa, watu waliowekwa na babu yake, ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa na deni la shukrani kwake.

Augustus aliwazika warithi wake mmoja baada ya mwingine: Marcellus, Agrippa, kisha wajukuu zake Lucius mwaka 2 na Gaius mwaka 4 BK. Akaishia kwa Tiberius, mtoto wa kambo. Mfalme anayeishi sana hupewa sifa ya baraka, na pengine ni baraka kwa waliozaliwa mapema. Waliozaliwa nyuma yake ndio wanaolipa.

Ili kuelewa kwa nini Semboja, mmoja wa baba zake hao, alimshinda Shekulwavu inafaa uteremke kwa miguu. Nimeteremka njia hiyo mara nyingi. Upande wa Vugha kuna baridi, migomba, kahawa, na mashamba ya maharage kwenye miteremko ambapo mtu akiteleza hufika kwa jirani. Ukianza kushuka, hewa inakuwa nzito, masikio yanaziba, migomba inapungua, na unapofika tambarare joto linakupokea pamoja na vumbi na mkonge uliopangwa mistari mpaka macho yachoke. Mazinde iko hapo, kwenye barabara kuu, Mombo ikiwa jirani. Zamani hapo ndipo misafara ilipopita ikifuata bonde la mto Pangani. Mfalme wa Vugha alikaa juu, kwenye mvua na heshima, na wafalme kabla yake hawakuona sababu ya kuishi penye joto na mbu. Semboja alikaa chini, penye biashara. Pembe za ndovu zilipita mlangoni pake, na bunduki na baruti zikapanda kutoka pwani zikamfikia yeye kwanza. Ndani ya miaka michache Shekulwavu alifukuzwa Vugha, akakimbilia mashariki akafia huko, na Wabondei wakainuka kuwatimua Wakilindi katika vita viitwavyo Kiva. Nguvu ilikuwa imehama kutoka mlimani kwenda barabarani, na wakubwa wa mlimani walilijua hilo wakiwa wamechelewa. Mwandishi wa riwaya asiyeupanda na kuushuka mteremko ule kwa miguu yake ataandika vita vya majina matupu.

Nilipokuwa nimeanza kufundisha nilipata nakala ya toleo la 1962, nikawa nakwenda nayo kwa shangazi yangu, kijiji kimoja juu ya Soni. Alikuwa mzee tayari, macho hayasomi, lakini masikio makali. Nilikaa kwenye kigoda, yeye amekaa chini na ungo wa maharage, anachambua. Vidole vyake vilikuwa havisimami: yaliyotobolewa na wadudu upande huu, mawe upande ule, mazima yanaporomoka sufuriani. Nikamsomea habari za Mbegha na watu wa Bumbuli, jinsi alivyowapa nyama nao wakampa chakula. Ungo ukasimama.

"Chakula gani?" akauliza.

"Cha shambani, shangazi. Ndizi, nadhani. Zamani watu walikula ndizi zaidi."

"Nani alizikata? Nani alizipika, akazibeba mpaka alikokaa huyo mwindaji?"

Nikaangalia kitabu. Nikamwambia hapakuandikwa.

"Basi mwanangu, huyo mwandishi alikula akaondoka. Nyama inaliwa siku moja. Aliyemfanya Mbegha akae ni aliyempelekea ndizi kila siku."

Akaendelea na maharage yake. Nilijua nimepewa riwaya nzima katika sentensi mbili. Karani alikaa barazani, akaandika ya barazani, na aliifanya kazi yake kwa uaminifu mkubwa ambao namshukuru. Lakini dola ina jiko pia, na jiko halikuwa na karani.

Siku nyingine nilimsomea habari za vita vya Semboja. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia. Bibi yake, mama mzaa baba yake, alikuwa na dada mkubwa aliyechukuliwa katika vita vile akiwa msichana, akateremshwa Pangani. Hakurudi. Bibi yule mpaka anakufa alikuwa hapendi mtu ataje Pangani ndani ya nyumba yake, na kila mvua kubwa ya masika ilipoanza alikuwa akitoka kusimama mlangoni. Shangazi alisema hakujua kwa nini masika. Labda ndio majira aliyochukuliwa.

Baadaye nilisoma kwamba soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na kwamba magendo yaliendelea, Pangani ikiwa mojawapo ya milango ya kuvushia watu kwenda kwenye mashamba ya karafuu ya Pemba. Msichana yule huenda alivushwa kabla au baada. Pemba pana watu leo ambao damu yao ni ya milima hii. Ninaposoma riwaya za Roma sasa, macho yangu huenda kwanza kwa mtu anayemimina maji, anayefungua mlango, anayebeba taa mbele ya seneta, na humwuliza mwandishi kimoyomoyo: huyu alichukuliwa wapi, na nani anasimama mlangoni akimngoja? Wachache hujibu. Graves, kwa mapenzi yangu yote kwake, hajibu sana.

Shangazi mwenyewe alikuwa na vita vyake na dola. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950 Waingereza walileta mradi wa kuhifadhi udongo, ulioanzia Mlalo, na watu wakaamriwa kulima matuta kwenye mashamba yao. Wataalamu walikuwa na hoja kuhusu mmomonyoko. Lakini matuta yalilimwa kwa amri, kwa faini, kwa kazi ngumu juu ya vipande vidogo vya ardhi, na waliotumwa kusimamia ni machifu. Kimweri Mputa Magogo, aliyetawazwa mwaka 1947, alijikuta kati ya Mwingereza na watu wake. Shangazi alikuwa mama kijana wakati huo. Alilima matuta akiwa na mtoto mgongoni, mvua ikaja ikayabomoa, akaamriwa kuyalima tena. Mradi ulivunjika mwaka 1957 kwa sababu watu walikataa. Na bado, hili ndilo lililonishangaza, alipoulizwa kama alifurahi machifu walipofutwa, alinyamaza kidogo kisha akasema kwamba walistahili kuondoka, ila tangu waondoke mvua haina mwenyewe.

Sikumbishia. Wazee wengi wa rika lake walikuwa na mjadala huo ndani yao, vijana wa chama cha TANU wakisema mvua ni ya Mungu na wazee wakiuliza, sasa tukipata njaa tumwendee nani. Swali la pili lina uzito hata kwa asiyeamini mvua ya machifu. Linauliza mtawala anawajibika kwa lipi, na mnamtupia nani makombo.

Ndiyo maana nilianza kuwasomesha wanafunzi wangu vitabu hivyo viwili pamoja, Juliasi Kaizari cha mtaala na kurasa za Habari za Wakilindi nje ya mtaala, saa za jioni. Sikuwa na nia ya kuonyesha kwamba sisi nasi tulikuwa na Roma. Vugha haihitaji Roma iipandishe cheo. Nilitaka wanafunzi wajifunze kuuliza kwa Kaizari maswali wanayoyajua nyumbani, na kuuliza kwa Kimweri maswali waliyojifunza kwa Kaizari. Mtu aliyemsikia Brutus akijitetea kwa kumuua Kaizari humsikiliza Semboja kwa makini zaidi. Je, aliipinga haki ya mjukuu, au alikataa kutawaliwa na mtoto wakati dunia imebadilika? Karani wake hawezi kutuamulia hilo, kwa kuwa alikula chumvi ya Semboja.

Jioni moja binti mmoja wa kutoka tambarare, upande wa Mazinde, alisimama akamtetea Semboja kwa nguvu zote. Alisema watu wa mlimani humwita mharibifu kwa sababu alikaa chini kwenye joto walikokudharau, na kwamba asingechukua bunduki yeye, zingechukuliwa na Wazigua au na mwingine, na Vugha ingeanguka vilevile. Kijana wa Vugha akamjibu kwamba waliouzwa Pangani hawakuuzwa na barabara, waliuzwa na watu wenye majina. Binti akasema majina hayo yatajwe yote basi, na ya waliouza wakiwa upande wa Shekulwavu pia. Darasa likagawanyika, wengine wamesimama juu ya madawati, kengele ya chakula ikalia na hakuna aliyetoka. Mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza kama kuna sehemu kitabuni inayosema hao waliouzwa waliitwa nani.

Nikawaambia tafuteni. Nakala yangu ilikuwa moja, karatasi zimekuwa za kahawia na gundi imeachia mgongoni, nikaogopa kuwapa. Jumamosi nikaipeleka mjini Lushoto, kwenye duka la fotokopi, mwenye duka akaniuliza kama ni mtihani. Jumatatu wakagawana sura, kila kundi na yake, na kazi niliyowapa ilikuwa kuchora mstari chini ya kila mtu aliyetajwa bila jina: mwanamke, mpagazi, mateka, mpishi, mtoto. Halafu kila mmoja amchague mmoja wao, akaulize nyumbani kwao, na aandike ukurasa wa kwanza wa riwaya yake.

Yule binti wa Mazinde aliandika kuhusu mwanamke anayeuza maji kwa msafara. Ukurasa wake wa kwanza haukutosha, akaomba daftari.